Waliniambia ni Mawazo

Ninakuandikia wewe unayelala usiku ukiwa umeweka kiganja kifuani. Moyo wako unaanza kwenda mbio bila sababu. Umekaa tu, hujakimbia, hujagombana na mtu, na hapo nyumbani wengine wameanza kukuhurumia, wengine wameanza kukuchoka. Nimepita hapo. Mungu amenivusha, na nitakusimulia kwa mpangilio mambo yalivyokwenda, hata yale ambayo mpaka leo nikiyasema mdomo unakauka.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Muheza, mkoa wa Tanga. Nafundisha darasa la kwanza, wale wanaoanza kusoma, kuandika na kuhesabu. Nina mume, watoto wawili wa kike, na mama mkwe tunayeishi naye. Mpaka nafikisha miaka 36 sikuwahi kulazwa hospitali isipokuwa kwa uzazi. Nilipokuwa na mimba ya pili nilikuwa nahema sana nikipanda kile kilima cha kwenda shuleni, lakini mjamzito gani asiyehema? Baada ya kujifungua pumzi ikarudi, tukasahau.

Baba yangu alifariki msimu wa machungwa. Tulimzika, tukamaliza arobaini, nikarudi kazini. Wiki chache baadaye, nikiwa ubaoni, moyo ulishtuka. Ukaanza kupiga haraka haraka, nikausikia mpaka shingoni. Nilishika meza. Watoto walikuwa wanaendelea kusoma silabi kwa sauti, mimi siwasikii. Ukaenda hivyo mpaka kengele ya mapumziko, halafu ukaacha ghafla, nami nikakaa kwenye kiti nikitokwa na jasho, nisijue nimwambie nani na nimwambie nini.

Ukarudi tena. Kisha tena. Mara nikiwa nafua, mara nikiwa kanisani, mara usingizini. Mwanzoni ulikuwa unakaa dakika chache. Baadaye ukawa unakaa saa nzima, baadaye nusu siku.

Sehemu ya kwanza niliyokwenda kutibiwa walinifunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi. Presha ilikuwa nzuri. Mashine ile ile inaonyesha pia mapigo ya moyo, na ilionyesha 150. Aliyenihudumia aliitazama, akaniuliza kama nimepatwa na jambo lolote. Nikamwambia nimefiwa na baba. Akafunga daftari. "Mwalimu, una mawazo. Jitahidi kupumzika." Akaniandikia vidonge vya usingizi. Nilirudi mara nyingine, na nyingine. Mashine ikasema 148. Ikasema 151. Ikasema 150. Kila mara jibu likawa lile lile, kwamba ni mawazo, na mara moja niliambiwa niache kujiendekeza.

Nyumbani kila mtu akawa na lake. Wapo waliosema ni mashetani. Jirani mmoja alisema nimerogwa na mwalimu mwenzangu anayetaka cheo. Mama mkwe wangu hakusema kitu. Alikuwa anakaa nyuma yangu kitandani, ananiegemeza kifuani pake nikishindwa kulala chali, ananipepea kwa ukingo wa kanga mpaka alfajiri. Mume wangu alikuwa anatoka na tochi kwenda kuita watu kila moyo ulipochachamaa, na siku moja alimwita padri. Padri alikuja, akaniwekea mikono, akaomba kwa muda mrefu. Alipomaliza alimvuta mume wangu pembeni, akamwuliza, "Moyo wenyewe mmeupima? Siyo presha. Moyo." Hatukuwa na jibu. Akasema tufanye hima, Mungu ndiye aliyewapa hata madaktari hiyo akili.

Tulipanga kwenda hospitali kubwa Jumatatu. Jumatatu hiyo sikuifikia nikiwa mzima.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Giza lilikuwa bado halijatoka vizuri. Moyo ulikuwa unakwenda mbio tangu jana yake, na miguu imevimba. Nilijikaza nichemshe chai. Binti yangu mdogo akaja jikoni akaniuliza sukari iko wapi.

Nilijua iko wapi. Nilikuwa naliona kopo lake. Nikafungua mdomo nimwambie.

Hakikutoka kitu.

Nikajaribu tena. Ikatoka "ba". Nikataka kusema "kabatini". Ikatoka "ba". "Ba, ba."

Mwanangu akacheka. Alidhani namchezea. Na yeye akasema "ba, ba" akinicheka.

Kikombe kikaanguka. Sikukiangusha mimi. Mkono wa kulia ulikuwa umekiacha wenyewe. Niliutazama mkono wangu. Nikauambia uinuke. Haukuinuka.

Mtoto akaacha kucheka. Akaniangalia usoni, na nilichokiona machoni pake sitaki kukielezea. Alipiga yowe. Mama mkwe akaja akikimbia, kichwa wazi, akanidaka kabla sijafika chini.

Nilikuwa nasikia kila kitu. Hilo ndilo lililonitisha kuliko mengine yote. Nilielewa kila neno waliloniambia na sikuweza kumjibu hata mmoja. Mume wangu alikuwa ananiita jina langu, ananiuliza kama namsikia. Nilikuwa namsikia. Ba.

Jirani alitoa gari. Wakanilaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mama mkwe. Akaanza Baba Yetu. Nikataka kuisema naye. Ni sala niliyoijua kabla sijajua kusoma, na siku ile sikuweza kutoa hata neno lake la kwanza. Nikaomba bila maneno. Sikuomba nipone. Niliomba watoto wangu wasibaki na picha ile ya jikoni kuwa ya mwisho.

Na moyo ulikuwa bado unakwenda. Haukupunguza. Haukujali.

Hospitalini alitupokea daktari kijana, mwanamke. Hakuitazama mashine kwanza. Alinishika kifundo cha mkono, akatazama saa yake, akahesabu dakika nzima. Baada ya muda akahesabu tena wakiwa wamenikalisha. Akahesabu tena nikiwa nalia. Kisha akaagiza nipimwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Waliniwekea vibandiko kifuani, miguuni na mikononi, wakaunganisha nyaya, na mashine ikatoa karatasi yenye miraba midogo ya waridi. Kipimo hiki hakichukui hata dakika 10. Hakina maumivu yoyote. Miezi yote ile nilikuwa nimekosa karatasi ile tu.

Mume wangu aliniambia baadaye maneno ya yule daktari, na ameyashika kichwani mpaka leo. Alisema moyo wa mtu mwenye hofu au huzuni hupanda na kushuka. Ukilala unapungua, ukishtuka unaongezeka. "Wa mkeo nimeuhesabu amelala, amekaa, analia. Ni 150, haubadiliki. Mawazo hayana hesabu iliyonyooka hivi."

Hapa naomba unifuate taratibu, kwa sababu hili ndilo ningependa mtu angenieleza tangu siku ya kwanza. Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Katika chumba cha juu cha kulia kuna sehemu ndogo inayotoa umeme, na umeme huo ndio unaouamuru moyo upige. Mtu mzima akiwa ametulia, moyo hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Kwangu umeme ulikuwa umepata njia ya kuzunguka ndani ya chumba cha juu bila kutoka, mzunguko baada ya mzunguko, kiasi cha mara 300 kwa dakika. Mungu aliweka kizuizi kati ya vyumba vya juu na vya chini, ambacho hakiruhusu kila pigo lipite. Kizuizi changu kilikuwa kinapitisha moja, kinazuia moja. Mia tatu gawanya kwa mbili. Namba ile ya 150 iliyokuwa ikionekana kwenye mashine kila nilipokwenda ilikuwa inasema kitu, na hakuna aliyeisikiliza. Ugonjwa huu madaktari wanauita flata ya atria. Una ndugu yake anayeitwa fibrilesheni ya atria, ambapo vyumba vya juu vinatetemeka ovyo bila mpangilio na mapigo ya mkononi yanakuja kwa kuruka ruka. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na yote mawili kwa nyakati tofauti.

Lakini kasi yenyewe siyo iliyoninyang'anya ulimi. Vyumba vya juu vikizunguka namna hiyo havikamui damu vizuri. Damu inatulia, hasa kwenye kimfuko kidogo kilichoko upande wa kushoto wa moyo, na damu iliyotulia huganda. Bonge dogo likichomoka linasukumwa na moyo kwenda popote, na mara nyingi linakwenda kwenye ubongo. Langu lilikwenda upande wa kushoto wa ubongo, unaoendesha mkono wa kulia na, kwa watu wengi, usemi. Kilikuwa kiharusi. Nilikuwa na miaka 37.

Usiku huo nilipelekwa Dar es Salaam kwa gari la wagonjwa, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Nilikuwa nimekalishwa, kwa sababu maji yalishaanza kuingia kwenye mapafu na nikilala chali nazama. Segera. Chalinze. Nilikuwa naona taa za malori zikipita darini mwa gari. Mume wangu alishika mkono wa kulia, ule usiomsikia. Nilitaka kumwambia ashike mwingine. Sikuweza.

Kule walitaka kuuona mzunguko wenyewe kwa uhakika. Nesi aliniambia atanichoma sindano ya adenosini kwenye mshipa, na kwamba kwa sekunde chache nitajisikia vibaya mno, lakini itapita. Nashukuru alisema. Waliinua mkono wangu juu, wakasukuma dawa kwa haraka, wakaisindikiza na maji ya chumvi. Kifua kikabanwa. Uso ukawaka moto. Nikasikia moyo umesimama. Nikajua ninakufa, na niko peke yangu, na chumba kimejaa watu. Kisha pigo. Kisha jingine. Zilikuwa sekunde tu. Katika sekunde zile vyumba vya chini vilikuwa vimetulizwa na dawa, na kwenye karatasi vikabaki vya juu peke yake vikiendelea kuzunguka. Daktari aliwaonyesha wanafunzi wake, na mimi nikaiona: mstari wenye meno ya msumeno, jino baada ya jino, yamelingana yote. Ndivyo madaktari wanavyoitambua flata duniani kote.

Ukiambiwa utachomwa sindano hiyo, usiogope utakapojisikia hivyo. Inapita. Mimi bado nikisikia harufu ya spiriti ya hospitali ninaukumbuka ule ubano.

Halafu wakanifanyia eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na hapo ndipo tulipopata chanzo. Valvu ya upande wa kushoto, iliyoko kati ya chumba cha juu na cha chini, ilikuwa imekakamaa na kuwa nyembamba. Damu ilikuwa inapita kwa shida, chumba cha juu kikatanuka miaka mingi, na ndani ya chumba kilichotanuka ndimo umeme hupotea njia. Waliuliza kama nikiwa mtoto niliwahi kuumwa homa yenye kuvimba viungo. Mimi sikukumbuka. Mume wangu akampigia mama yangu mzazi. Mama akakaa kimya kwenye simu, kisha akasema ndiyo. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Nilianza na koo, halafu goti likavimba, likapoa, kikavimba kifundo cha mguu, likaja na goti la pili. Walinipa dawa ya malaria, nikakandwa kwa majani, nikapona. Mama alilia sana siku hiyo. Nilipoweza kuongea nilimwambia, na ninamwambia kila mara, kwamba hana hatia yoyote. Homa ya rumatiki inaanza na vijidudu vya koo, na mwili katika kupigana navyo unajidhuru wenyewe kwenye viungo na valvu za moyo. Viungo hupona. Valvu hubaki na kovu, na kovu linaweza kukaa miaka 20 au 30 bila kusema neno. Katika nchi zetu ndiyo sababu mojawapo kubwa ya vijana na wanawake wa umri wa kuzaa kuwa wagonjwa wa moyo. Ile pumzi niliyokosa kwenye mimba ya pili ilikuwa ni valvu.

Walinipa dawa za kupunguza kasi na za kutoa maji mwilini, na ndani ya siku chache nikaweza kulala nimeinua kichwa kwa mto mmoja. Dawa ya kuzuia damu kuganda hawakuianza papo hapo. Kwanza walinipiga picha ya CT ya kichwa kuhakikisha hakuna damu iliyovuja kwenye ubongo, wakasubiri, ndipo wakaanza warfarini.

Usemi ulirudi polepole. Neno la kwanza lililotoka sawasawa lilikuwa "maji". Wifi yangu alikuwa zamu kitandani siku hiyo, akatoka mbio hadi kwenye korido akiwaita manesi, na maji yenyewe akasahau kunipa. Niliporudi nyumbani bado nilikuwa nakwama. Majina ya vitu yalikuwa hayaji. Basi binti yangu mdogo, yule wa jikoni, alichukua kitabu changu cha darasa la kwanza, akaketi mbele yangu kila jioni na kijiti mkononi. Ba be bi bo bu. Namfuata. Da de di do du. Namfuata. Nikikosea haniachi. Wanafunzi wangu wangapi nimewaketisha hivyo miaka yote hii, na sikujua kwamba ni kazi ngumu kiasi hicho kuitoa "mbwa" mdomoni. Alinifundisha mpaka nikarudi darasani. Mwalimu mkuu alikubali nianze kwa vipindi vichache, na walimu wenzangu walibeba vingine bila kunung'unika. Yule aliyesemwa kwamba ameniroga ndiye aliyebeba vingi zaidi.

Kuhusu kuurudisha moyo kwenye mwendo wake, daktari alinieleza kwamba umeme hutibiwa kwa umeme, ila kwa utaratibu. Ukimshtua mgonjwa mwenye bonge moyoni, moyo ukianza kukamua vizuri unaweza kulirusha. Kwa hiyo ni lazima damu iwe imelainishwa kwa kiwango kinachotakiwa angalau wiki tatu mfululizo. Ikafika siku. Kabla ya yote walinimezesha mrija wenye kipimo cha eko, ili wauone moyo kwa nyuma, kupitia koo. Bonge lilikuwa bado lipo. Wakasema hapana, rudi nyumbani, endelea na dawa. Nilikata tamaa siku ile, ndani ya basi nilifunika uso kwa mtandio kutoka Dar mpaka Segera. Nilikuwa nimejiandaa kupona siku hiyo.

Mara ya pili kimfuko kilikuwa safi. Wakanilaza kwa dawa ya usingizi, nikazinduka naambiwa tayari. Kifuani kulikuwa na alama nyekundu mbili za vibao walivyonishtulia, zinawasha kidogo. Kwenye skrini kulikuwa na 72. Nikamwuliza nesi kama mashine ni nzima. Akacheka, akasema nzima. Usiku ule sikulala, na haikuwa kwa maumivu. Nilikuwa nausikiliza ule utulivu nikingoja uvunjike.

Watu wengi hudhani ukirudishiwa mapigo umemaliza. Kwangu warfarini inaendelea, hata moyo ukiwa shwari, kwa sababu valvu ni ile ile. Naimeza kila siku saa 2 usiku, baada ya taarifa ya habari kuanza, na mama mkwe ndiye kengele yangu. Kuna kipimo cha damu kinachoitwa INR. Mtu asiyetumia dawa huwa na 1 hivi. Mimi natakiwa niwe kati ya 2 na 3. Chini ya hapo damu inaweza kuganda, juu sana ninaweza kuvuja damu. Wengine wanaambiwa mitaani waache mboga za majani kabisa. Mimi sijaacha. Mchicha, matembele na kisamvu vina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa, kwa hiyo daktari aliniambia nile kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, nisile sufuria zima leo halafu nikae mwezi bila jani. Dawa za duka ndizo hatari zaidi. Diklofenaki ya mgongo inaweza kukuchubua tumbo likavuja damu ukiwa kwenye warfarini. Metronidazoli, ambayo kwetu watu wanainunua kwa kila tumbo linalosokota, inapandisha INR. Kila ninapotibiwa, hata jino, natanguliza kusema, na nina kikadi kwenye pochi. Fizi zikitoa damu bila kuacha, choo kikiwa cheusi, au kichwa kikiniuma vibaya ghafla, hatungoji asubuhi.

Shemeji yangu anayefanya kazi Muscat aliposikia habari za kupimwa damu kila mara, alitaka kunitumia vidonge vipya visivyohitaji kipimo. Moyo wake mzuri. Tulimwuliza daktari kwanza. Akasema vidonge hivyo vinawafaa wengi wenye mapigo yaliyovurugika, lakini siyo wenye valvu iliyobanwa na rumatiki kama mimi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, uliofanywa katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Latini, ulilinganisha warfarini na rivaroksabani kwa wagonjwa wa aina yetu, na waliotumia dawa za kundi la warfarini walifariki wachache zaidi. Tukamshukuru shemeji, tukamwomba pesa ile iwe nauli ya kliniki. Ametuma nauli tangu hapo.

Kila baada ya wiki nne nachomwa sindano ya penisilini ili homa ya rumatiki isirudi kuimalizia valvu. Inauma, siwezi kukudanganya. Nesi wa kwetu hubana pamba pale paja linapoanzia kwa muda mrefu kuliko kwa wengine, kwa sababu ya damu yangu nyepesi, na hunisimulia habari za watoto wake mpaka nisahau. Nyumbani kwangu mtoto akisema koo linamwuma na ana homa, haturambishani asali. Anapelekwa akaangaliwe, na akipewa dawa anaimaliza yote. Nimewaambia pia wazazi wote wa darasani kwangu.

Dada yangu unayesoma na bado unatamani kuzaa, hili sikwambii kukuvunja moyo. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na mimba yenyewe ni mzigo kwa valvu iliyobanwa. Zungumza na daktari wa moyo kabla ya kushika mimba. Usiache dawa kimya kimya. Mimi na mume wangu tulikaa, tukalia kidogo, tukasema wawili aliotupa Mungu wanatosha.

Na kama umeambiwa ni mawazo, na huenda kweli una mawazo, mwombe aliyekwambia akupime ECG moyo ukiwa unakimbia, siyo kesho yake ukiwa umetulia. Ukiwa nyumbani, weka vidole viwili chini ya kidole gumba kwenye kifundo cha mkono, tazama saa, hesabu dakika nzima, andika namba, tarehe na saa. Mwambie mtu wako akuhesabie pia. Ukizirai, ukibanwa kifua, mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakikataa, usingoje Jumatatu.

Mwezi uliopita ule mwendo wa mbio ulirudi. Nilikuwa nimekaa nasahihisha madaftari. Nilihesabu: 150. Mikono ilinitetemeka, nikamwita mume wangu kwa jina lake, na nilipoisikia sauti yangu imetoka nzima nilimshukuru Mungu pale pale. Tulikwenda usiku huo huo, karatasi ikatoka na meno yake. Safari hii hakuna aliyeniuliza nimefiwa na nani. INR yangu ilikuwa 2.6. Wameongeza dawa ya kushusha kasi, na tumeitwa Dar wiki ijayo. Daktari amenieleza kuna njia ya kupitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa nyonga hadi moyoni na kuichoma ile njia ambayo umeme unazungukia, na kwamba kwa flata ya kawaida ya chumba cha kulia hufanikiwa kwa zaidi ya asilimia 90. Kwangu lazima waiangalie na valvu pia, kama ni wakati wa kuipanua kwa puto au kuirekebisha. Watakaa pamoja waamue. Ninaogopa, lakini ninakwenda. Mume wangu ameshakata tiketi za basi la alfajiri, wifi anakuja kukaa na watoto, na mama mkwe amesema mara hii na yeye anapanda.